Nani Anaita, Nani Anavuta

Wewe dereva wa lori uliyekwama kwenye foleni ya kuingia Kipevu, usiyejua utatoka saa ngapi, zima injini, ongeza sauti kidogo, keti nasi.

Mazungumzo ya leo yametokana na swali. Mama mmoja wa Magongo, hapa Mombasa, ametuuliza hivi: mwanawe alikwenda shuleni siku ya kutoa zawadi, na kila mtoto aliyeitwa mbele, mwalimu alisema "hip hip!" na watoto wote wakaitikia "hurei!" Mara tatu kila mmoja. Mtoto karudi nyumbani bado apiga hurei, mpaka jirani akagonga ukuta. Mama akataka kujua: neno hilo maana yake nini? Kamuuliza mwalimu, mwalimu kacheka. Kamuuliza kijana wake mkubwa, kaambiwa ni la kushangilia tu.

Mama, usimlaumu kijana. Amejibu sawa, ila amejibu nusu. Nusu iliyobaki ni safari ndefu kidogo. Itatupitisha kwenye bahari za Ulaya, itatushusha bandarini Kilindini, itapanda reli hapa Changamwe, na itakwenda kukaa kwenye nembo ya taifa letu. Twende taratibu.

Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi atakwambia kwamba maneno ya namna hii huitwa vihisishi. Lo! Ala! Ebo! Masalale! Hayana mtenda, hayana wakati, hayana ngeli. Ukiumwa na siafu hungoji kutunga sentensi. Kihisishi hakina maana kama ya meza au sufuria, kitu ambacho waweza kukionyesha kwa kidole. Kina kazi. Basi mimi nikikutana na kihisishi nisichokijua, huuliza: kinafanya kazi gani? Nani anakitamka, na nani anaitikia? Swali hilo nitalirudia mara kadhaa jioni hii, kwa hiyo lishike: nani anaita, na nani anavuta?

Anavuta nini? Subiri, twaja.

Kabla ya hurei, nataka tulitazame neno dogo kuliko yote. Lo. Sisi twasema "lo!" tukishangaa: lo, huyu mtoto amekuwa mrefu! Waingereza nao walikuwa na "lo" yao, ya kale sana, na ukisoma Biblia yao ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, utaikuta imetapakaa. Lakini ile yao ni ya kumwambia mtu atazame, na waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili pahali hapo wakaweka "tazama". Sauti moja, herufi zile zile mbili, na hakuna undugu. Majina yamegongana tu, kama unavyoweza kumkuta Juma wa Miritini na Juma wa Kigoma. Hili nalo lishike, maana tutalihitaji mbele: maneno kufanana kwa sauti si ushahidi kwamba yametoka tumbo moja.

Haya, hurei. Kwa Kiingereza cha zamani kulikuwa na kihisishi kingine cha kushangilia, "huzzah", ambacho leo hukisikii ila kwenye filamu za wafalme na mapanga. Kinaonekana katika maandishi tangu karne ya 16. "Hurrah" ikafuata karne ya 17, na huenda ni huzzah hiyo hiyo iliyogeuka mdomoni, labda kwa kuchanganyika na ya wengine, maana Wajerumani na watu wa Skandinavia nao walikuwa na kelele iliyofanana nayo. Askari wa Prussia waliipiga vitani walipopambana na Napoleon mwaka 1813. Kwa hiyo wanayopiga watoto wetu shuleni kusherehekea hesabu na insha, kuna watu waliwahi kuipiga wakikimbilia mizinga.

Na ile hip hip? Hapo pana hadithi. Wapo Waingereza waliosema kwamba hip ni herufi za kwanza za maneno matatu ya Kilatini, yenye maana ya kwamba Yerusalemu imeanguka, ati ndiyo kelele ya wapiganaji wa vita vya msalaba. Hadithi tamu, na imesimuliwa kwa uso mkavu kabisa. Ilipata nguvu kwa sababu mwaka 1819, katika miji ya Ujerumani, makundi ya watu yaliwashambulia Wayahudi na kuvunja maduka yao huku yakipiga kelele ya "hep hep". Lakini hiyo habari ya Kilatini haina ushahidi. Mtu alisikia sauti, akatafuta maneno ya kuijaza, akayapata. Kilatini ni kikubwa, ukitafuta hukosi.

Tuache Yerusalemu, turudi kwenye huzzah, kwa sababu hapa ndipo panaponifurahisha. Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 17 na ya 18 walieleza kwamba huzzah ilikuwa kelele ya mabaharia. Na mabaharia wa Ulaya walikuwa na sauti waliyoipiga wakivuta kamba kupandisha tanga au mzigo, "hissa", ambayo ina ndugu zake katika Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Neno la Kiingereza la kupandisha mzigo kwa kamba, "hoist", limo katika ukoo huo. Wapo wataalamu wanaoona kwamba huzzah huenda ikatoka huko. Yaani kabla haijawa kelele ya kumshangilia mfalme, ilikuwa kelele ya watu walioshika kamba mikono ikiwauma.

Sasa mtu wa Mombasa akiambiwa hivyo hashangai. Sisi kamba twaijua.

Nani kati yenu amewahi kuona jahazi kubwa likitwekwa tanga? Wazee wa Mji wa Kale na wa Lamu mwaelewa ninachosema, lakini vijana wa Chaani niwaeleze. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopanda juu pamoja na tanga lenyewe. Mti huo ni mzito. Kamba ya kuupandisha ndiyo henza. Mtu mmoja hawezi. Na sikiliza vizuri: watu kumi nao hawawezi, iwapo kila mmoja atavuta kwa wakati wake. Watu kumi wanaovuta kila mmoja kivyake ni mtu mmoja mara kumi, hakuna kinachosogea. Lazima migongo yote ilale nyuma kwa pumzi moja. Na baharini, upepo ukivuma, huwezi kuwapa watu hotuba. Unahitaji sauti. Sauti fupi, inayofahamika, yenye mahali pa kuvuta na mahali pa kupumua.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kushua chombo, ndivyo ilivyokuwa kwenye gati makuli wakisukuma mabehewa na kunyanyua marobota, na ndivyo ilivyokuwa kwenye reli. Hapa Changamwe reli twaiona kila siku hata hatuitazami. Ujenzi wake ulianzia kisiwani mwaka 1896, ukavuka maji pale Makupa, ukaingia huku bara kwetu, na haukufika Kisumu mpaka Desemba 1901. Chuma kimoja cha reli hakibebwi na wawili. Walijipanga watu wakakinyanyua, wakakitembeza, wakakilaza juu ya mataruma, kisha wengine wakakisogeza kwa mitaimbo mpaka kikae sawa. Vidole vya miguu viko pale chini. Mmoja akiachia mapema, mwenzake anabaki bila vidole.

Na kwenye kazi za namna hiyo, pwani hii na kwenye njia hiyo ya reli, watu waliita: harambee!

Wacha nilitamke polepole, nanyi mlisikie kwa masikio mapya. Ha-ra-mbe-e. Kiswahili, kama mjuavyo, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi "ha-ra" ni maandalizi: mtu anajaza pumzi, anapanga miguu. Mkazo unaangukia "mbe": hapo ndipo mgongo unapolala na mzigo unapong'oka. Kisha ile "e" ya mwisho unaweza kuivuta urefu upendao, kulingana na urefu wa kazi. Kama mzigo ni mkaidi, "eeee" inaendelea mpaka ukubali. Sasa linganisha na wale wenzetu. Huzzah, uzito uko mwishoni. Hurei, uzito uko mwishoni. Hip hip ni maandalizi, hurei ndiyo kazi. Mmoja anaita, wengi wanaitikia. Watoto wa Magongo siku ile ya zawadi walisimama kama mabaharia, isipokuwa kamba haikuwapo.

Nani anaita, na nani anavuta? Mmeanza kuliona swali langu.

Lakini najua wako wanaonisubiri kwenye kona. Kila mara nikilitaja neno harambee, lazima mtu aniambie: wewe, hujui kwamba hilo ni jina la mungu wa Kihindi? Nimelisikia kwenye matatu, nimelisikia kwa wahubiri wenye vipaza sauti. Maelezo yao huwa hivi: vibarua wa Kihindi walioletwa kujenga reli, walipobeba vyuma, walimwita Ambe, mungu wao wa kike, wakisema "Har Ambe". Waafrika wakaisikia, wakaitamka kwa ulimi wao, ikawa harambee. Na kwa hiyo, wahubiri huendelea, nchi nzima imekuwa ikiomba sanamu bila kujijua.

Tulipime jambo hili kwa utulivu. Ni kweli Wahindi waliletwa, zaidi ya 31,000 katika miaka ile ya ujenzi. Ni kweli Ambe ni jina linaloheshimiwa, hasa na watu wa Gujarat. Lakini wengi wa vibarua wa reli waliandikishwa Punjab, na kati yao Waislamu na Masingasinga hawakuwa wachache. Muislamu wa Punjab anyanyue chuma kwa jina la Ambe? Tena wanaomwabudu Ambe, ukiwasikiliza, kelele yao ya kawaida ni "Jai Ambe". Hiyo "Har" huwa wanaipeleka kwa mungu mwingine, Mahadev. Sisemi haiwezekani kabisa. Kama ningekuwa wakili wa upande huo, nisingeng'ang'ania reli. Ningesema imekuja kwa bahari, kwa mabaharia wa Kutch na Gujarat waliokuwa wakija na upepo wa kaskazi karne nyingi kabla ya reli, wakiteremsha nguo, wakivuta kamba bega kwa bega na watu wetu. Hiyo ningeisikiliza zaidi. Hata hivyo, kilichopo mkononi ni kufanana kwa sauti, na kuhusu kufanana kwa sauti tumeshazungumza. Kumbukeni lo na lo.

Upande wa pili wako wanaosema neno ni la hapa hapa, la Kibantu, kwamba lilikuwa "halambee", mwito wa kuvuta pamoja. Nao sauti ndiyo hoja yao kubwa, ingawa angalau wao wanaanzia mahali ambapo neno lilikuwa linatumika.

Na kama mnataka asili ya tatu, mimi naweza kuwatengenezea papa hapa studio kabla ya matangazo ya biashara. Mtu wa Lamu akitaka kusema mbele, husema "mbee". Basi "hara" fupisheni kutoka haraka, mbee ni mbele: haraka mbele! Si limekaa vizuri? Limekaa vizuri mno, na nimelitunga mwenyewe sasa hivi. Tafadhali asiende mtu kulifundisha. Nimewaonyesha tu jinsi kazi hii ilivyo nyepesi, na kwa nini mtu akikuletea asili ya neno ikiwa tamu kupita kiasi, yafaa umuulize maswali mawili matatu.

Turudi kwa wale wenye hofu ya dini, kwa sababu hofu yao ni ya kweli na sitaki kuicheka. Tuseme, kwa hoja tu, kwamba neno limetoka kwenye jina la Ambe. Je, anayelitamka leo anaabudu?

Wapi nitapata mfano? Sokoni. Zamani mtu akipita na mkokoteni au punda kwenye vichochoro vya miji yetu, aliita "simile!" Askofu Edward Steere, aliyeishi Unguja, aliiandika kelele hiyo katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870. Maana yake: pisha njia, usije ukagongwa. Na wakiwa wengi wa kupisha, "simileni!" Na wanaofuatilia asili ya maneno wanasema simile ni bismillah. Bismillah, kwa jina la Mwenyezi Mungu! Limepita mdomoni mwa wachukuzi mwaka baada ya mwaka mpaka likalika, kama ukingo wa kisima unavyoliwa na kamba, likabaki "toka njiani". Mkristo aliyeita simile hakusilimu. Na Muislamu aliyeita simile huku amebeba magunia hakuwa katika ibada, alikuwa anaogopa kumvunja mtu mguu.

Waingereza nao yamewapata. Walikuwa na kihisishi kimoja cha zamani, "zounds", cha kuonyesha hasira na mshangao. Kilitokana na kiapo cha kutaja majeraha ya Mungu, yaani majeraha ya Kristo msalabani. Kimejaa kwenye tamthilia za wakati wa Shakespeare. Mwaka 1606 bunge lao likatunga sheria ya kuwatoza faini ya pauni kumi waigizaji wanaolitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Ukilinganisha tamthilia ya Shakespeare, Othello, iliyochapwa mwaka 1622 na ile iliyochapwa mwaka 1623, utaona vile viapo kwenye ya kwanza, na kwenye ya pili vimefutwa. Sheria ilikuwa na meno. Lakini leo zounds haipo kwenye midomo ya Waingereza, na si kwa sababu ya sheria. Imechakaa tu, haimshtui mtu tena, imebaki kwenye vibonzo vya watoto.

Kwa hiyo wahubiri wangu, kwa heshima yote, asili ya neno si neno lenyewe. Mimi ningewaomba mlichunguze harambee kwa kosa jingine, lililo karibu zaidi.

Wasikilizaji, tumefika kwenye kiini. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka ya kujitawala, na Jomo Kenyatta, waziri mkuu mpya, akaliinua neno hili mbele ya umma: harambee! Umati ukaitikia. Mwaka huo huo nembo ya taifa ikachorwa, simba wawili na ngao, na chini yake neno moja tu. Si neno la kitabuni, si neno la Kilatini kama mataifa mengi yanavyopenda. Kelele ya watu wa kamba. Mimi nikilifikiria hilo huona fahari, sitawaficha. Ni nchi ngapi zimeweka kihisishi kwenye nembo?

Na kelele ikafanya kazi. Vijiji vilichanga mayai, kuku, mahindi, nguvu za mikono, vikajenga shule za sekondari ambazo serikali isingezifikia kwa miaka mingi. Shule za harambee, ndivyo zilivyoitwa, na baadhi yenu mmesoma humo. Sauti ikavuka hata bahari. Mwaka 1966 Maulana Karenga alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa kule California, Wamarekani weusi wakalichukua neno hilo, na mpaka leo hulipaza mara saba wakifunga sherehe, wakishusha mkono kama mtu anayevuta kamba. Ajabu ni kwamba ule mkono wanao wao huko ng'ambo. Sisi tuliokuwa na kamba yenyewe tumeusahau.

Kwa sababu kwetu mambo yaligeuka, na yaligeuka kimya kimya. Kitenzi kilibadilika. Mwanzo mtu aliita harambee. Kisha watu wakaanza "kufanya" harambee, "kwenda" harambee, "kuandaa" harambee. Kihisishi kikawa jina, na jina likapata mgeni wa heshima. Mwajua ninachosema. Hema limefungwa, viti vya plastiki, mheshimiwa amechelewa saa tatu. Anasimama, anasema amekuja na marafiki zake, anatoa bahasha, kiasi kinatangazwa, makofi ya kilo, picha. Anaondoka kabla ya chakula. Chifu naye alishapita mitaani na kadi, na mama muuza viazi karai alitoa shilingi zake kwa sababu hakutaka jina lake likosekane kwenye orodha. Nani anaita hapo? Na nani anavuta?

Kwenye henza, aliyeita alikuwa pale pale. Kamba ikikatika inamchapa na yeye. Chuma kikianguka kinaangukia miguu yake pia. Hii ndiyo tofauti ninayoiona mimi, na ndiyo kubwa kuliko zote: kelele ya kazi inatoka katikati ya wanaofanya kazi. Kelele ya jukwaani inatoka juu inateremka.

Nchi yenyewe imeliona hilo. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya maafisa wa umma ilijaribu kuwawekea mipaka wenye vyeo kwenye uchangishaji. Wakaizunguka. Mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani wakiandamana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena kwenye harambee za hadhara. Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaurudisha mchango ambao wanasiasa, Rais mwenyewe akiwemo, walikuwa wametoa kanisani. Wako waliosema maaskofu wamekosa adabu. Mimi nilisema, leo kuna mtu ameshika kamba akaulizwa anavutia wapi.

Na huku chini, michango haijafa. Mgonjwa amelazwa, ada imekwama, maiti iko mochari: mtu anafungua kundi la WhatsApp, anaweka nambari, majina yanaanza kushuka moja moja na kiasi chake. Shilingi mia, shilingi hamsini, elfu moja kutoka kwa binamu aliye Doha. Hakuna mheshimiwa. Hakuna anayepaza sauti pia. Ni harambee bila kelele ya harambee, na kwa maoni yangu iko karibu zaidi na ile ya reli kuliko ya kwenye hema, kwa sababu anayeomba na anayetoa wote wana mgonjwa mmoja.

Kabla sijafunga, kuna jambo la bandarini nataka kulisema, maana tusipolisema sisi tunaokaa hapa nani atalisema? Makuli wa Kilindini hawakuwa watu wa kuvuta tu. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, bandari na reli zikasimama, kwa sababu mshahara haukutosha kodi wala chakula. Chege Kibachia, aliyejitokeza kuwaongoza, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Baringo. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena, na kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi kuwatetea. Watu waliozoea kulala migongo nyuma kwa pumzi moja hawakuhitaji kufundishwa umoja kwa hotuba. Walipoamua kuachia kamba, waliiachia pamoja.

Halafu, kuanzia miaka ya 1970, yakaanza kuja makontena. Kreni moja inanyanyua kile ambacho genge zima la makuli lilikinyanyua asubuhi nzima. Kule Miritini, reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 vyuma vyake vilinyanyuliwa na mitambo. Vidole vya miguu vimepona, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Sitaki mtu aniambie natamani siku za kubeba. Lakini mtambo hauhitaji kuitwa. Mtu wa kreni anaonyeshwa ishara ya mkono au anazungumza na redio yake ya mkononi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ukipita leo kwenye ukuta wa bandari, utasikia ving'ora na mabreki ya malori. Husikii harambee.

Ndiyo maana naomba hivi. Wako wazee wetu huku Changamwe, huko Jomvu, huko Likoni, waliofanya kazi gatini kabla ya makontena, au kwenye magenge ya reli, au majahazini. Kama babako au babu yako ni mmoja wao, leo usiku muulize, na umrekodi kwenye simu: mlikuwa mkiita nini? Mzigo wa kusukuma mliuitia sauti moja na mzigo wa kunyanyua nyingine? Aliyeita alichaguliwa vipi, kwa nguvu za mikono au kwa koo? Kisha tuletee hapa studio. Juma lijalo, inshallah, tutayacheza tuliyoyapata, na mama wa Magongo tutamwomba aje na mwanawe. Mpaka hapo, mimi naaga. Kwaherini.